Mistari Mitatu ya Chini

Maguu, Mbinga
12 Mei 1996

Mpendwa dada Hedwiga,

Shikamoo. Shemeji naye mfikishie shikamoo yangu. Hamjambo huko Liuli? Mguu wa shemeji umepona, au bado anaudanganya kwa maji ya moto? Sisi huku ni wazima, isipokuwa huyu wa mgongoni. Meno yanamtoka na hataki nilale. Nimezaa watatu, dada, ila huyu ndiye aliyeamua kunizeesha.

Usipa mkavu, dagaa wenu wa ziwani, tuliupata, ahsante. Ulifika na harufu iliyotutangaza kijiji kizima, ikabidi nigawie majirani ili wasiseme.

Mume wangu Melkior yuko Kitai. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waingie, kila mwanamume mwenye mabega yuko huko anapakia magunia kwenye malori, na mibuni imebaki kwa wake zao. Akija analala, akiamka anauliza mbona magugu yamezidi. Hayo niyaache.

Ninachokuandikia ni habari za Ida. Najua umekwisha kusikia kwamba hakuvishwa kitenge. Liuli ni mbali kwa barua, si mbali kwa habari mbaya. Na najua ulivyoambiwa, kwamba mtoto amedanganya na amerudishwa mwaka mzima. Soma mpaka mwisho kabla hujamkasirikia.

Ulipomleta kwangu ulisema neno moja tu, "Mfanye mtu." Sisi tulifanywa watu kwa wiki mbili ndani ya nyumba ya shangazi, tukaambiwa mambo harakaharaka kama tunakimbizwa. Siku hizi parokia ina mafunzo ya vijana ya mwaka mzima, kila Jumamosi: kusali, kujitunza, kusema kweli, kukataa zawadi za wenye pikipiki. Walezi tulikuwa watano, nami nikiwa mmoja wao.

Mwisho wa mwaka kila kijana anapewa sehemu yake kwenye mteremko wa parokia, alime ngoro. Ni kama enzi za mama: wavulana wanafyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba, wasichana wanazifukia kwa udongo mpaka tuta lisimame na shimo libaki katikati. Sharti ni moja, mikono iwe yako mwenyewe. Anayefaulu anavishwa kitenge mbele ya kanisa, Jumapili baada ya Pasaka, na kupewa jembe lililobarikiwa. Kuanzia siku hiyo akisema neno kwenye kikao cha watu wazima, linasikilizwa.

Ida wako kakulia kwenye mchanga na mihogo. Mteremko wetu ulimtisha, viganja vikapasuka siku ya pili. Wenzake wakamtania, "Mtoto wa ziwani, huku hakuna kasia." Akawajibu, "Na ninyi mkizama kwetu msiniite." Niliposikia nilicheka, nikasema huyu ni damu yetu.

Alipewa mistari tisa ya matuta. Ikabaki wiki moja, naye ana sita tu, mvua inatishia. Hapo ndipo nilipokosea, dada. Alfajiri nikienda kutafuta kuni nilikuwa napita pale, mtoto mgongoni. Nikaingia na jembe, nikafukia mstari mmoja. Kesho yake wa pili. Kesho kutwa wa tatu. Nilijiambia namhurumia. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa na watu: mlezi, na mtoto wa nyumbani kwake ameshindwa.

Viganja vilipopoa, Ida alirudi shambani akakuta kazi imekwisha. Jioni akaniuliza, "Mama mdogo, kule chini kafukia nani?" Nikamwambia, "Nyamaza, umalize kula." Mimi niliyekuwa nawafundisha Jumamosi kusema kweli.

Siku ya kukagua alikuja Bibi Kunigunda, mkubwa wa walezi. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akilima jirani na mama. Alitembea mstari kwa mstari na fimbo yake, vijana wote nyuma. Alipofika kwenye mistari mitatu ya chini ya Ida akasimama. Akainama, akashika tuta. Akasema taratibu, "Mkono huu nilidhani tumeuzika."

Dada, kumbe mama alikuwa na namna yake. Akishamaliza tuta alikuwa analipiga kwa mgongo wa jembe mara mbili, halafu analikanyaga mara moja kwa kisigino. Nami nafanya hivyo hivyo na sikuwahi kujua. Wazee wetu wanausoma mkono kwenye udongo kama sisi tunavyosoma mwandiko.

Bibi akamwuliza Ida, "Umefukia wewe binti, au umefundishwa tu kufukia hivi?" Alimfungulia mlango kabisa. Angesema "nimefundishwa na mama mdogo" yangekwisha. Ida akanitazama. Nami nikainama kukaza kanga ya mtoto, ambayo haikuwa imelegea.

Ida akasema, "Mistari mitatu ya chini si yangu, bibi."

"Ni ya nani?"

"Yangu ni sita."

Jina langu hakulitaja wakati ule, wala walipomwita chemba, wala mpaka leo.

Aliyemfuatia alikuwa Jacqueline, binti wa Urbani yule mnunuzi wa kahawa. Shamba lake walilima vibarua wawili wa kike mchana kweupe, kila mtu aliwaona. Akaulizwa, akasema ni lake, na viganja laini kama maandazi. Hakuna aliyeinama kushika tuta. Jumapili yake alivishwa kitenge, akapewa jembe, akapigiwa vigelegele. Mabati ya ukumbi wa vijana alitoa babake.

Walezi tulikaa kuamua juu ya Ida. Wakasema amekiri udanganyifu, arudie mwaka. Mwenyekiti wa kikao akataka mikono. Niliinua wangu, dada. Niliuinua pamoja na wenzangu. Sina neno la kuupamba.

Nilikaa hivyo Jumapili tatu. Ya tatu ndiyo nilisimama kwenye kikao nikasema mistari ile niliifukia mimi, mtoto hakuniomba. Bibi Kunigunda hakushangaa. Akasema, "Siku ile nilikuwa nakusubiri wewe, Kalista. Yule mtoto sikuwa namsubiri." Wengine wakasema orodha ya waliofaulu imekwisha kusomwa kanisani, haisomwi tena, uamuzi ubaki. Nikawauliza, na Jacqueline je? Nikajibiwa kuwa mkosaji hashtaki. Ulezi wamenivua. Huo walinivua kwa haki.

Kwa hiyo, dada, mtoto aliyesema kweli anarudia darasa la kusema kweli, na wale walionyamaza ndio watu wazima. Nimelimeza jambo hili, halijashuka.

Ida hana hasira nami, na hilo ndilo linaloniumiza. Jana alininyang'anya mtoto akasema, "Lete nimbebe, mama mdogo, ulale kidogo." Nikalala kwa aibu.

Usije kumchukua. Najua shemeji atataka, lakini nimemwuliza mwenyewe, akasema hatarudi kwenu akiwa amehesabiwa mistari sita. Ukitaka wa kumkasirikia, nipo. Blauzi nyeupe uliyomshonea iko sandukuni, nimeikunja upya. Kufika mwakani haitamwenea, kwa hiyo ukishona nyingine acha upindo mkubwa.

Ile mistari mitatu aliibomoa yote siku ile ile ya kukaguliwa, na siku zilizofuata akaifukia upya peke yake. Maharage kayapanda kwa kuchelewa, sijui kama yatazaa. Juzi Bibi Kunigunda alikuwa anapita njia ya juu, akashuka mpaka pale. Akashika tuta, akaligeuza geuza bonge la udongo. Matuta ya Ida ni mapana, hayafanani na ya mama wala na yangu.

Bibi akasema, "Mkono huu siujui."

Ida akamjibu, "Ni wangu, bibi."

Bibi akajifuta mikono, akaenda zake. Hakuna kengele iliyopigwa wala kitenge kilichotolewa. Nilikuwa njiani na kuni zangu, ni mimi tu niliyeona, na sasa wewe unajua.

Wasalimie shemeji na wanao Joakim na Winifrida; Winifrida mwambie viatu alivyoviacha bado ninavyo. Mungu awalinde ziwani na nchi kavu, na akupe moyo wa kunisamehe hata kama itachukua msimu mzima.

Mdogo wako akupendaye, ingawa safari hii amekuangusha,
Kalista