Mafungu Nyuma ya Mashine

Jumatatu, 3 Juni 1985

Kabula ametia nati mdomoni sasa hivi. Nimeitoa kwa kidole, akaning'ata, kisha akacheka kama vile mimi ndiye niliyekosa. Ni nati ya baba yake. Nyumba imejaa nati, boliti na vipande vya mkanda. Mtoto wangu anaotea meno kwenye vyuma.

Baba Kabula halali vizuri siku hizi. Anachora uani kwa kijiti, anafuta kwa mguu, anachora tena. Safari hii ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ngoma ya chuma kinene, ndani vyuma vya mviringo, injini inaizungusha kwa mkanda. Linaingia jiwe, unatoka unga.

Ni kazi yake ya tatu tangu anioe. Ya kwanza Maganzo, kuchaji betri ili wachimba almasi wasikilize redio. Ya pili nyumbani kwetu Didia, mashine ya mahindi. Injini ni ile ile ya Didia. Baba yangu alitoa maksai wake wa kulimia ndipo ikapatikana. Sasa analima kwa jembe la mkono.

Kila kazi huanza vizuri. Halafu mwenzangu anachoka, anaona nyingine mbele. Mimi nampenda zaidi akiwa anaanza. Uso wake unakuwa kama wa Kabula akiona ndizi.

Hii itasimama. Naamini.

Ijumaa, 7 Juni

Mabega yanauma. Tumetwanga tangu asubuhi.

Huku machimboni, mawe ya wenye mashimo tunayasaga sisi wanawake. Kinu cha chuma, mchi ni kipande cha ekseli ya gari. Wawili kinu kimoja, mmoja akishusha mwingine anapandisha. Ukikosea unamvunja mwenzako mkono. Kwa hiyo hutwangi na mtu usiyemwamini. Mimi natwanga na Mama Minza. Ni mjane, ndiye mkubwa wetu. Nilipofika hapa na mtoto mgongoni, sijui hata kushika mchi wa chuma, yeye ndiye alisogea akasema simama hapa.

Malipo yetu ni marudio. Mwenye jiwe akishaosha unga na kuchukua dhahabu yake, mchanga unaobaki ni wa aliyetwanga. Unauosha tena, unapata chembe zako. Ndiyo sabuni, ndiyo chumvi, ndiyo nguo ya mtoto. Ilikuwa hivyo kabla sijafika.

Leo Baba Kabula amesema niwaambie wanawake waache kutwanga. Wabebe mawe, wailishe mashine, na marudio yabaki yao vilevile. Nimemuuliza mara ya pili nisije nikasema uongo.

"Mama Kabula, mimi nataka ada ya kusaga tu. Huo mchanga niupeleke wapi?"

Nimefurahi mpaka nimechoma uji.

Jumapili, 9 Juni

Nimesema. Baada ya misa, nje ya kanisa, nikiwa nimembeba Kabula.

Mama Minza alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Hayo maneno ni ya injini au ya kwako?"

Nikasema ni ya kwangu.

"Basi tutaleta kwako. Injini hatuijui."

Nyamizi, ambaye mdomo wake haufungwi hata kwa kamba, akaanza kuniita Mke wa Injini. Anataka kujua usiku kama inanguruma. Nikamwambia inanguruma, lakini haiombi ugali. Tukacheka wote. Nilijisikia mtu mzima.

Alhamisi, 13 Juni

Inafanya kazi! Kelele yake unaisikia mpaka kisimani. Kabula alilia, kisha akapiga makofi. Baba yake alikuwa mweusi kwa oili, akaninyanyua mbele za watu. Niliona haya. Niliona raha pia.

Mchana wanawake walikaa. Sijawahi kuwaona wamekaa mchana. Mama Minza alikuwa anaitazama mikono yake hajui aiweke wapi.

Maji ni haba kiangazi hiki, kisima ni cha zamu, kwa hiyo marudio hayaoshwi upesi. Wameomba kuyaweka nyuma ya nyumba yetu, ndani ya ua wa minyaa. Kila mmoja na fungu lake, juu ya fungu alama yake. Mama Minza kipande cha sahani ya bluu. Nyamizi ndala moja. Wengine kibuyu kilichopasuka, mfuniko wa sufuria, pembe ya mbuzi. Mimi nimeweka ile nati ya Kabula. Hakuna mlinzi. Alama ya mwenzio haiguswi. Hapa watu huibiana hata kamba ya ndoo, lakini si fungu lenye alama.

Nimesimama pale jioni nikiyatazama. Kama makaburi madogo, lakini ya furaha.

Jumanne, 18 Juni

Amekuja tajiri wa Buseresere na pikapu. Nilidhani ametaka kuona mashine. Mashine hakuitazama. Alikwenda nyuma, akachota mchanga, akausugua kiganjani, akaumwaga. Akachota wa fungu jingine.

Baba Kabula alisimama naye mbali nami. Usiku huu ananieleza habari ya video. Unaweka kaseti, picha zinatembea, watu wanajaa chumba kizima. Anasema Mwanza zipo. Anachora tena, safari hii kwa mkaa, ukutani.

Sijapenda.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemdhania vibaya bure. Leo amekumbuka mwenyewe kliniki ya Kabula. Hajawahi kuikumbuka. Amesema tuondoke kesho alfajiri, tulale kwa shangazi yake Buseresere, nipumzike na moshi wa dizeli. Ameifuta kadi kwa shati lake.

Nimemshonea Kabula kigauni kwa kipande cha kanga yangu. Mungu anisamehe kwa mawazo yangu.

Jumamosi, 22 Juni

Hakuna kitu.

Nimerudi na mtoto ana homa ya chanjo. Mwanzoni nilidhani nimekosea nyumba. Injini haipo. Ngoma haipo. Nyuma, ndani ya ua, ardhi imekwanguliwa mpaka udongo mwekundu. Mafungu yote. Alama zimetupwa huku na huku, nyingine zimekanyagwa na tairi la lori. Kibuyu cha watu kimekuwa unga.

Yeye alikuwa ndani anafunga begi. Alinipokea vizuri, kama mtu aliyeninunulia zawadi. Ameuza vyote kwa tajiri, mashine na mchanga. Anakwenda Mwanza, akishapata chumba atatuita.

Nilimwambia, marudio ni ya wanawake, wewe ulisema.

"Marudio ni ya mchi. Mashine haina marudio. Mchanga wa mashine ni wa mwenye mashine. Usiwe mtu wa kijijini, Mama Kabula."

Nikamwambia nilitoa neno langu.

Akasema, "Ndiyo maana walileta."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anayekueleza kwa nini mkanda lazima ukazwe. Kisha akamshika Kabula shavu, akatoka. Pikapu ilikuwa inamngoja.

Kanituma kliniki. Hilo ndilo linaniuma kuliko injini ya baba yangu, kuliko kuachwa. Alitumia chanjo ya mtoto. Niliimba njia nzima kwenda.

Jumapili, 23 Juni

Kanisani hakuna aliyekaa nami. Benchi zima mimi na Kabula.

Wanasema nilijua. Ningekuwa wao ningesema hivyo hivyo. Walileta kwangu, na siku lori lilipokuja mimi sikuwepo. Walilia mbele ya lori, wanaume wa tajiri wakawasukuma. Nyamizi ameniita Mke wa Injini tena, mbele ya watu. Safari hii hakuna aliyecheka. Nilipompa shikamoo Mama Minza, alijibu marahaba akitazama chini. Hata adui hajibiwi hivyo.

Namchukia. Kabula anamwita baba mlangoni, na mimi nageuka kutazama. Najichukia kwa kugeuka.

Jumatano, 26 Juni

Nimeokota alama zote. Nimeziosha kwa maji ya kunywa, nimezifunga kwenye kanga, nimezipeleka nyumba kwa nyumba, mtoto mgongoni. Sikuwa na kingine cha kurudisha.

Mmoja alifunga mlango. Nyamizi aliipokea ndala, akaitupa kichakani, akaniambia nimpelekee mume wangu avae. Niliiona tena jioni nikirudi. Ilikuwa mguuni mwa Nyamizi.

Mama Minza nilimwacha wa mwisho. Nilimuogopa yeye zaidi. Nikampa kipande cha sahani, nikamwambia nilichokuwa nimekariri njiani. Kwamba alipouliza ni maneno ya nani nilisema ni yangu, na bado ni yangu. Kwamba kuanzia kesho natwanga, na mchanga wangu nitaumwaga kwenye mafungu yao, kwa zamu, mpaka waseme basi.

Hakusema nimekusamehe. Aliushika mkono wa Kabula, akaugeuza.

"Umevimba. Ndipo walipomchoma?"

Nikasema ndipo.

"Mkande na maji ya uvuguvugu." Akaingia ndani.

Ijumaa, 28 Juni

Natwanga peke yangu. Vinu vingine vina sauti mbili, changu kina moja. Ukitwanga peke yako mchi unakuwa mzito, hakuna wa kukuvuta. Leo nimemmwagia Nyamizi fungu lake. Alitazama pembeni, lakini alisogeza ndala nafasi ipatikane.

Dereva mmoja ameleta salamu toka Mwanza. Baba Kabula amepata televisheni, kubwa, anasema watu watashangaa. Anauliza kama bado nina kipande cha mkanda wa injini. Nimemwambia dereva hakuna salamu za kurudisha.

Redio, mahindi, mawe, sasa picha. Nilikuwa nikifikiri huwa anaacha kazi. Si kazi anayoiacha. Ni yule aliyebaki ameishikilia. Nimemkumbuka mwenzake wa kazi ya Maganzo, bwana mpole aliyebaki na betri peke yake. Nilimuonea huruma nikapika chai nikasahau.

Nitamuandikia baba yangu mwenyewe habari za injini. Asisikie kwa watu.

Jumanne, 2 Julai

Asubuhi ya upepo. Kabula amelala juu ya gunia chini ya kivuli cha ua, mkono wake hauna uvimbe tena. Jana amejifunza kusema "twa, twa" vinu vikilia.

Sina hasira leo. Nimechoka tu, uchovu mzuri. Leo si zamu ya mtu, kwa hiyo fungu langu la kwanza liko pale na nati yake juu. Dogo. Halikuguswa.

Nimeona kitu tangu juzi, sikutaka kukiandika nisije nikakipoteza. Mama Minza naye anatwanga peke yake. Siku zote hizi. Hajachukua mwenzi mwingine. Kila asubuhi anakuja na michi miwili, mmoja anauegemeza kwenye kinu na kuuacha hapo.

Anaita. Nilidhani anamwita mwingine.

"Mama Kabula, unaandika nini huko, jiwe la watu linatungoja. Njoo, mayu, mama yangu."

Nimemwambia nakuja, namfunika tu mtoto nzi wasimsumbue. Naacha kalamu.