Utepe wa Msiba wa Baba Aliye Hai

Norwich, 4 Machi 1858

Binti yangu Kezia,

Marahaba ya salamu zako za mwaka mpya, ingawa nimechelewa kuitika. Mimi mzima, ila goti la kushoto linalojua mvua kabla ya mawingu. Wewe je? Kikohozi kimekwisha? Unakula kitu zaidi ya mkate na chai?

Kanisani bado wanauliza habari za shule yako ya Brighton, nami bado nawajibu kwamba wanafunzi wako wanaendelea vizuri na Kifaransa. Unajua kwa nini. Mtu aliyefundisha watoto wa Kibaptisti maisha yake yote hawezi kusimama mlangoni mwa kanisa akatangaza kwamba mwanawe anacheza baleti London, miguu nje hadi magotini.

Sasa nije kwenye kiini cha barua. Jana gazetini niliona picha ya mchezaji mpya kutoka Italia, Sinyorina Cesia Tudini. Kidevu kile ni cha marehemu mama yako. Chini ya picha wameandika kwamba baba yake, Lodi Tudini, kabaila mwenye ngome na mashamba ya mizabibu, alimezwa na volkeno, na kwamba binti hucheza na utepe mweusi mkononi kumwomboleza. Ni jambo geni, Kezia, mtu kusoma habari za kifo chake huku chai yake bado ya moto. Nieleze, mwanangu. Sijakasirika, nataka kuelewa.

Baba yako,
Ephraim Tuddenham

London, 12 Machi 1858

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimepoa, na pole kwa goti. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi.

Mtindo wa hapa ndio huu: Mwitaliano akiruka, wanasema malaika, Mwingereza akiruka, wanasema kakanyaga panya. Bwana Pym, mwenye kundi letu, alinitazama akasema, "Tuddenham? Hilo jina la muuza viazi. Tangu leo wewe Tudini." Nikacheka. Kisha mtu wa gazeti akauliza, "Na baba yake?" Pym akamjibu, "Kafa. Volkeno." Nami nilikuwa nimesimama palepale, Baba. Nilinyamaza.

Hata huo utepe si wa msiba. Nilijiunguza kwa koleo la kukunjia nywele, nikafunika kovu. Pym ndiye aliyeutafutia marehemu. Sasa mabibi wa London nzima wanauvaa.

Tusihukumiane: mimi nimekuua, wewe umenipeleka Brighton. Lakini Mei kundi linakuja Norwich, nami nakuomba kwa magoti, usije. Nikijulikana, Pym atanifukuza, na mlango mwingine wa kubisha sina.

Mwanao,
Kezia

Norwich, 5 Mei 1858

Kezia, mwanangu,

Hujambo? Huku kwema, na utepe wako umefika kabla yako. Leo nimekutana na jirani yangu Bibi Larter sokoni, penye kabichi. Amevaa hizi sketi zenye pete za vyuma ndani, pana kama kengele ya mnara. Kila akigeuka, kabichi zinaporomoka. Na mkononi, utepe mweusi.

"Umefiwa, mama?" nikamwuliza.

"Si mimi, Mwalimu. Lodi Tudini, maskini. Kaungua mzimamzima!"

"Ulimjua?"

"Ah, wewe na maswali yako! Mtindo si darasa. Hebu na wewe vaa. Alikuwa mtu mwema sana yule."

"Umejuaje?"

"Aliyelea binti kama yule atakuwaje mbaya?"

Niliinama nikamsaidia kuokota kabichi. Sitakuja, mwanangu. Nakuahidi.

Baba yako

Norwich, 22 Mei 1858

Kezia,

Sijui nikusalimu kwa uso gani. Nilivunja ahadi.

Bibi Larter alikuwa na tiketi ya ziada. Nikajidanganya kwamba nitaketi nyuma ya sketi yake nisionekane. Sikuwahi kuingia mahali kama pale. Ulipotokea ukisimama kwa ncha za vidole, nilisahau kuona haya. Haya ilinijia baadaye, kwa ajili ya Brighton.

Kisha Bwana Pym akaja mbele, akaomba tusimame kumkumbuka marehemu Lodi. Nikasimama. Nikavua kofia. Nilijiomboleza kwa heshima zote, na ningemaliza salama. Lakini akasema, "aliyemezwa na mlima Vesuvio, katika kisiwa chake kipenzi cha Sisilia."

Mwanangu, kuuawa nilivumilia. Volkeno ya Sisilia ni Etna! Kabla sijajizuia, sauti yangu ya darasani ilikuwa imekwisha kutoka: "Vesuvio uko Napoli, bwana!"

Nawe pale jukwaani ukaitika, kwa lafudhi tupu ya kwetu Norfolk: "Ndiyo, Baba."

Kicheko kile bado nakisikia. Nilikwenda mlango wa nyuma, wakaniambia umekwisha ondoka.

Nilimsindikiza Bibi Larter hadi mlangoni kwake. "Kumbe Brighton ndiyo hii," akasema.

"Ndiyo. Nilidanganya."

Akaanza kufungua utepe wake. "Basi niuvue, maana marehemu kanisindikiza nyumbani."

Nimekuharibia, mwanangu. Nisamehe.

Baba yako

Norwich, 30 Juni 1858

Kezia,

Hujambo? Kanisani wamejua. Wengine hawanipi mkono, nami nastahili. Andika hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Baba yako

Ipswich, 9 Septemba 1858

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua zako zote nilizipata. Sikuwa na uso wa kukujibu.

Pym alinifukuza. Sasa niko na kundi dogo, nacheza safu ya nyuma: juzi nilikuwa mti, wiki hii ni bata. Hakuna bibi anayevaa kitu kwa sababu yangu.

Unasema umeniharibia. La. "Ndiyo, Baba" ilinitoka yenyewe, kama ilivyonitoka utotoni kila uliponisahihisha mezani. Lakini watu walipocheka, nilikuwa na nafasi ya kunyoosha mkono na kusema, "Yule pale ndiye baba yangu." Nilikuwa nimekuona, Baba, umesimama na kofia mkononi, ukijiomboleza kwa ajili yangu. Nikakimbilia nyuma ya pazia. Hiyo ndiyo aibu inayoninyima usingizi. Volkeno ilikuwa ya Pym. Kukimbia kulikuwa kwangu.

Tuko hapa Ipswich hadi Jumamosi. Jina langu la kwetu liko kwenye tangazo la mlangoni, chini kabisa, na wamelikosea: wameandika "Tudenham", d moja. Nimewaacha wasilirekebishe. Nimemwambia bawabu kwamba Jumamosi atafika mzee kulisahihisha, asimzuie, ni baba yangu.

Binti yako,
Kezia Tuddenham