Waliomlilia Twalibu

Chemchem, Tabora
2 Juni 1974

Mwanangu mpenzi Twalibu,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam uliko na mguu wako. Mimi mama yako mzima, sijui wewe. Bibi yako Bimdogo hajambo, analalamika meno tu, na hayo meno yenyewe hana. Baba yako mdogo Lukumani hajambo, mkewe Mwanamkuu hajambo, watoto wao hawajambo isipokuwa yule kitinda mimba ana kikohozi. Dada yako Maua huko kwa mumewe Ipuli hajambo, anakusalimu. Mzee Humaidi wa dukani anakusalimu. Hata yule jogoo aliyekuwa akikufukuza ukienda mazoezini hajambo, Bimdogo hajamchinja bado.

Baada ya salamu, naandika mwenyewe, nisamehe mwandiko. Kwenye darasa la watu wazima mwalimu Apolinaria anasema nagandamiza kalamu kama nalima. Barua yako ilisema wamekupasua goti na wamelishona. Hukusema kama linauma. Nani anakupikia? Ukitaka maji, nani anakupa? Kambi imefungwa, wakimbiaji wenzako wamekwenda makwao kupumzika, wewe una nini huko? Njoo upumzike kwenu. Nimekuwekea asali na mafuta ya nyonyo, nitakukanda mwenyewe.

Mama yako,
Sikuzani


Dar es Salaam
25 Juni 1974

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo. Wape salamu wote uliowataja, na jogoo. Kukanda daktari amekataza. Nafunga mfuko wa mchanga mguuni, nauinua, naushusha, ndiyo kazi yangu kutwa. Bweni zima niko peke yangu na mlinzi, Msukuma mmoja anaitwa Ngollo. Yeye anasonga ugali, mimi natazama vitanda vitupu. Jana kanitania, "Bingwa, leo hata kobe amekupita."

Kuja sasa siwezi. Unakumbuka niliporudi na medali? Watu walinibeba mabegani toka stesheni mpaka mlangoni kwetu, sikukanyaga chini. Leo niteremke na fimbo? Ningojeni nipone. Niombeeni dua.

Mwanao,
Twalibu


Chemchem, Tabora
14 Julai 1974

Mwanangu Twalibu,

Marahaba. Nyumbani sote wazima, wakubwa kwa wadogo, kikohozi cha mtoto kimepoa. Ila nakuandikia kwa aibu, na ukicheka sitakasirika.

Ulisema tukuombee dua. Nikamwita maalimu Darwesh na wanafunzi wake waje kusoma Yasini. Ndani hatukuenea, nikatandika majamvi nje barazani. Nikaazima sufuria kubwa nipike ubwabwa. Sasa mwanangu, majamvi nje, maalimu, sufuria kubwa, na mtaa mzima wanajua umepasuliwa. Mpita njia ataelewa nini? Nimo jikoni, nasikia vilio. Wanawake wanatoka kila nyumba wamejifunga kanga viunoni, Mzee Humaidi kafunga duka kaja hata kofia kasahau. Nami nikafikiri wamepata habari ambayo mimi sijaipata! Nikajitupa chini, nikalia kuliko wote.

Bimdogo ndiye aliyepiga kelele: "Nyamazeni nyie! Mtoto hajafa, ana goti!"

Tulicheka mpaka machozi yakarudi. Ubwabwa ukaliwa wote. Lakini tangu siku ile moyo wangu hautulii. Niandikie niuone mwandiko wako.

Jambo lingine, serikali imetangaza baba yako mdogo na watu wake wahamie kijiji cha Ujamaa, mbali kule kupita Itetemia. Bimdogo anakwenda nao, hawezi kuachana na wale wajukuu.

Mama yako,
Sikuzani


Dar es Salaam
28 Agosti 1974

Shikamoo Mama,

Samahani nimekaa kimya. Kilio chenu kilifika huku. Fundi mmoja wa reli alipita hapo mtaani siku ile, akapanda treni kabla Bimdogo hajawanyamazisha. Ngollo alikwenda sokoni, akarudi ananitazama kama mzuka: "Wewe si umezikwa Tabora?" Tulicheka sana.

Kisha nikaenda kwa daktari. Mama, goti limepona la kutembelea. La mashindano halipo tena, wamenitoa kwenye timu. Wenzangu wamerudi kambini, alfajiri nasikia viatu vyao vinapita dirishani, nami nimelala.

Basi yule fundi hakukosea sana. Mmenilia, ubwabwa mmekula, yaishie hapo. Ngollo amenitafutia kazi ya kulinda ghala. Nitabaki huku. Huko Tabora walikuwa wanamjua mkimbiaji, na mkimbiaji hayupo.

Twalibu


Chemchem, Tabora
10 Septemba 1974

Mwanangu Twalibu,

Marahaba. Hapa nyumbani hajambo mmoja tu, mimi. Lukumani na Mwanamkuu na watoto walipakiwa kwenye lori pamoja na vitanda vyao, Bimdogo kakaa mbele na dereva kampakata jogoo. Maua huja akipata nafasi. Napika chungu kidogo na bado chakula kinabaki.

Kwenye barua yako hukuandika "mwanao". Nimeisoma mara nyingi nikidhani sijui kusoma vizuri.

Kwanza lia, kama hujalia. Mguu ni wako, na mbio zilikuwa zako, sitakwambia si kitu. Halafu nisikilize. Mtu hayajui watakayosema watu siku akifa. Ya kwako mimi niliyasikia. Mzee Humaidi alilia akisema, "Mtoto huyu hata awe mbioni, akinikuta husimama kwanza akaniamkia." Tufaha wa nyumba ya pili alilia, "Nani atanitwisha ndoo?" Maalimu Darwesh, aliyekuja kukuombea goti, naye akalia na wenzake, ndiyo nami nikaamini. Nimekaa hapa peke yangu nimeyakumbuka yote, neno kwa neno, naitafuta medali. Hakuna aliyeitaja, mwanangu. Hata mmoja. Nami mwenyewe nilikuwa namlilia mtoto aliyekuwa halali mpaka mguu wake ameuweka juu yangu. Mguu huo huo.

Safari hii hakuna atakayekubeba. Utateremka na fimbo yako ukanyage chini, kama watu. Siku ya kufika kwako sitamwambia mtu, nitakuja stesheni peke yangu. Majamvi nimeyakunja, nimeyaweka darini.

Nijibu upesi, hata neno moja, nijue nibandike chungu gani.

Mama yako,
Sikuzani