Kibao cha Chiriku

Jumatatu, 9 Juni

Uniwie radhi, daftari. Nimekuacha drooni tangu mwanangu, mkewe na mtoto wao wahamie hapa. Wao huenda kazini. Mchana mlezi ni mimi.

Mjukuu tunamwita Chiriku, maana hanyamazi. Leo amechora ukuta wa sebule, kutoka swichi hadi mlangoni. Eti ni mimi! Nina masikio ya sungura. Mkwe wangu aliomba radhi, mwanangu alicheka. Mimi sikucheka. Lakini mtoto anayechora hivyo apewe mahali pa kuchorea. Nitamtafutia ubao mdogo wenye miguu. Dukani wanauita "stendi". Stendi ni ya mabasi!

Jumatano, 11 Juni

Jioni, mwanangu aliporudi, nilitoka nikaona vibao viwili. Cha dukani ni cha plastiki: chepesi, cha kuvutia, ila kikiguswa kinayumba. Cha fundi seremala ni cha mbao imara, upande wa chaki na upande wa karatasi, na miguu yake hurefushwa mtoto akikua. Tatizo ni bawaba. Inaweza kubana kidole. Nilimwambia fundi aifunike.

"Mwalimu, hata mbao unasahihisha?"

Ndiyo.

Niliporudi, Chiriku alikuwa kando ya ukuta ule ule, kalamu ya rangi mkononi. Nikampa habari njema: "Ngoja tu. Jumamosi bibi atakupa kibao." Akaangusha kalamu, akakimbilia chumbani. Furaha ya watoto!

Alhamisi, 12 Juni

Si furaha. Chiriku hasemi nami. Mchana alikula chakula chake chini ya meza. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, anafumba macho.

Jioni mkwe wangu alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mama, ulimwambia mtoto utampa kibao?"

"Ndiyo. Jumamosi."

"Tena kwa miadi!"

"Kizuri. Cha mbao."

Alinitazama kama mtu aliyemeza mwiba. Hapo ndipo nilipolisikia neno langu kwa masikio ya mtoto. Kibao cha shavuni!

Mwanangu aliposikia, alicheka hadi akakaa sakafuni. Mkewe hakucheka. Nilimweleza kwamba ubao ukiwa mdogo huitwa kibao. Ndivyo sarufi ilivyo.

"Mama, shavu la mtoto halijui sarufi."

Amesema mtoto akiendelea kuniogopa, kuanzia Jumatatu atampeleka akashinde kwa dada yake. Hawezi kwenda kazini akimwacha na hofu. Ni sahihi kabisa — na ndicho kinachouma.

Ijumaa, 13 Juni

Nilisema "mahali pa kuchorea". Nilisema "meza iliyosimama". Hata "stendi" nilisema! Chiriku yuko nyuma ya sketi ya mama yake.

Jumamosi, 14 Juni

Vyote viwili viko sebuleni. Fundi ameleta chake, bawaba imefunikwa. Cha plastiki mwanangu amekichukua dukani kwa sharti la kukirudisha kisipofaa. Tumekubaliana achague mtoto mwenyewe.

Alivizunguka kwa mbali, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake. Hakugusa hata kimoja.

"Chagua, binti," fundi akamtania. "Havipigi hivi!"

Neno gani hilo, fundi! Mtoto akarudi nyuma ya sketi.

Kisha akamvuta mama yake, akamnong'oneza. Mkwe wangu akanigeukia, sauti yake laini kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Anasema bibi achore kwanza."

Mimi! Sijui kuchora. Nikachukua chaki, nikakiendea cha mbao. Duara lililopinda. Macho. Mdomo. Chiriku akatazama, akakunja uso.

"Si hivyo, bibi."

Amesema nami! Akanyoosha mkono apewe chaki, lakini miguu haikuondoka pale ilipokuwa. Mama yake hakumsukuma. Fundi amenyamaza, hatimaye.

Nimeketi. Daftari liko gotini, naandika kwa mkono wa kulia ili nisimkodolee macho. Wa kushoto nimeunyoosha, kiganja wazi, chaki katikati. Ameachia sketi. Sitamwita. Akishaamua, nitaandika.