Nani Kafungua Boksi la Upanga Wangu?

Mpendwa Shangazi Borghild, nisaidie kabla sijapasuka, maana tangu Jumamosi nimeduwaa. Mimi ni fundi kwenye mtambo wa mafuta baharini, wiki mbili kazini, nne nyumbani, na kitu ninachokipenda kuliko vyote ni upanga wa taa, ule wa kuiga wa sinema za angani, ukibonyeza kitufe unawaka buluu na kunguruma, aliniuzia rafiki yangu Oddvar ukiwa ndani ya boksi la kiwandani, na sisi wakusanyaji boksi hatufungui, likifunguliwa thamani imekwenda, kwa hiyo sijawahi kuuona ukiwaka, na binti yangu Sunniva kila akiniomba namwambia asiuguse hata kwa kidole.

Basi nikaupeleka kwenye maonyesho ya wakusanyaji ukakadiriwe, na mkadiriaji, Bi Ingunn, akaliinua boksi akasema, "Kaka, mbona jepesi? Na selotepu hii si ya kiwandani." Nikapiga kelele asifungue, akafungua. Shangazi, betri hazimo! Mpini una mikwaruzo, na chini ya boksi kuna chembe za mkate wa zafarani! Niliona giza. Oddvar alikuwa meza ya jirani, nikamfuata mbele ya ukumbi mzima nikamwita tapeli, naye akasema tu, "Haya, ndugu yangu," akafungasha vitu vyake akaondoka.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu Turid. Akashika mdomo. "Maskini Oddvar! Ni sisi."

"Sisi nani?"

"Mimi na Sunniva. Asubuhi ya Mtakatifu Lusia, sikukuu ya mwanga ya Desemba, kila inapokukuta baharini. Wenzake wanabeba mshumaa, yeye anapita gizani na gauni jeupe, upanga wako mkononi, anaimba, tunakula mikate, tunaurudisha. Betri za kiwandani ziliisha, nikazitoa, siku hizi tunaazima kwenye rimoti ya televisheni."

Shangazi, miaka yote hiyo! Nikasema nauuza. Sunniva akajifungia chumbani na hadi leo hasemi nami. Nimezungukwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, halafu ninayenuniwa ni mimi? Nifanye nini?

Aliyeduwaa, Haugesund

*

Wewe Uliyeduwaa, hata mimi nimeduwaa, ila kwa mengine. Pole. Kufichwa kunauma, na Turid alipaswa kukwambia. Akiniandikia nitampa yake.

Sasa zamu yako. Umeona chembe za mkate wa zafarani, mkate unaookwa jikoni kwako kila Desemba, ukamrukia Oddvar! Kichwa hicho kina kazi gani zaidi ya kuvaa kofia ya mtamboni? Halafu wewe ni fundi, ukaacha betri ndani ya kitu miaka nenda rudi? Nimempigia mkusanyaji mmoja ninayemfahamu, akaguna. Anasema amefungua maboksi ya namna hiyo ambayo hayakuguswa kamwe, akakuta betri zimevuja na kula nyaya, upanga umekufa ndani ya boksi zuri. Wako uko hai kwa sababu mkeo alizitoa. Hao unaosema wamekuzunguka ndio waliokuokolea mali yako.

Kesho nenda kwa Oddvar, nyumbani kwake, ukamwombe radhi. Maonyesho yajayo rudia maneno hayohayo ukumbini, kwa sauti ileile uliyomtukania. Ujumbe wa simu hautoshi, usijidanganye.

Upanga hauuzwi. Desemba hii badilishana zamu na mwenzako, uwe nyumbani. Na kama mwenzako hataki, mbembeleze.

Lakini usingoje Desemba. Mtoto wako amekuwa akibeba kitu cha baba yake gizani miaka yote hiyo, baba akiwa baharini, na wewe umesikia habari ya selotepu tu. Nunua betri mpya, kagonge mlango wake, umwambie hujawahi kuuona ukiwaka na unaomba akuwashie. Asipofungua, keti hapohapo sakafuni umsubiri.