Shusha Pua Kwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kukutabiria mvua. Baba mfikishie shikamoo yake, na shangazi mwambie soksi nimezipokea. Moja imeizidi nyingine urefu lakini nazivaa. Mimi sijambo, ila nina kizunguzungu kidogo ambacho nitakueleza chanzo chake.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliposoma kwamba utakuja siku ya familia hapa kambini, nilifurahi. Niliposoma kwamba unakuja na jirani yule mwenye mdomo, ili aone kwa macho yake mwanao akirusha ndege ya vita, niliirudia sentensi hiyo mara tatu. Mwishoni ulisema utaniletea na suruali tatu za Baba za kupunguza. Nilishangaa suruali zinaingiaje hapo, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye ndege.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa sajini anayefundisha marubani. Tunamwita Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza na la mwisho. Chumbani kwake kuna mashine ya kuigiza vita vya angani: kiti, fimbo ya usukani, pedali mbili na skrini pana kama ukuta. Ndege yenyewe haiendi popote, ila ukikaa humo tumbo haliamini. Siku ya familia wageni huruhusiwa kutazama, basi nikamwomba anifundishe. Alicheka, lakini hakukataa, kwa sababu kuna siri yake ninayoitunza. Najua utajiuliza rubani anafundishwa nini tena. Vumilia, mama, nitafika huko.

Kuruka si kazi, kazi ni kugeuka. Adui alitokea nyuma yangu, nikakata kona kwa pupa, ndege ikapoteza kasi na kuanza kuanguka huku ikizunguka kama pia: anga, shamba, anga, shamba. Nikavuta fimbo kwa nguvu zote ili pua ipande. Ikazunguka zaidi, nikaingia kwenye mahindi. Kwa siku nne nilianguka mara thelathini na moja, na adui hakulazimika kutumia hata risasi moja.

Taratibu alinieleza kuwa kuvuta ndiko kunakoniua. Alisema nipunguze moto wa injini, nikanyage pedali moja tu, ile ya upande wa pili wa mzunguko, kisha nisukume fimbo mbele. Nikamuuliza nitashushaje pua na ardhi ndiyo hiyo inakuja. Akajibu kwamba ndege isiyo na kasi haimsikii mtu. Ikishuka inapata upepo, ikipata upepo inasikia, ndipo inainuliwa.

"Shusha pua kwanza," aliniambia. "Kuinua kutakuja kwenyewe."

Kumbe shida kubwa ilikuwa miguu. Kila aliposema nikanyage kwa mguu wa kushoto, wa kulia nao ulifuata, chini juu, chini juu, na pedali zile ukizikanyaga pamoja hazifanyi lolote. Alisema katika miaka yake ishirini hajawahi kuona miguu inayopendana hivyo. Mwishowe alivua mkanda wake akanifunga mguu wa kulia kwenye kiti.

Jana saa nne asubuhi, nikiwa nimefungwa kama mbuzi, niliingia tena kwenye mzunguko. Nikapunguza moto, nikakanyaga pedali moja, nikasukuma fimbo mbele huku nikipiga ukelele uliosikika hadi jikoni. Mzunguko ukasimama. Shamba likatulia mbele yangu, nikavuta polepole, na ndege ikainuka. Nililia, mama. Marubani waliokuwa wakisubiri zamu walipiga makofi, na mkuu wa kambi, aliyekuwa akipita, akauliza rubani huyu ni wa kikosi gani. Taratibu akajibu kwamba huyu ni fundi cherehani wetu.

Umesoma vizuri, mama. Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa tatu sasa narekebisha nguo za marubani kwenye chumba kinachopakana na mashine ile, kwa cherehani ya miguu, ndiyo maana miguu yangu haijui kuachana. Siri ya Taratibu ni kiuno cha suruali yake, nimekiongeza mara mbili mwaka huu. Na ile picha niliyokutumia, nilikuwa nimevaa ovaroli ya rubani mmoja kujaribu zipu. Nyuma yake niliandika "Nipo kazini", na hapo sikudanganya. Nilidanganya uliponiandikia kuwa mtaa mzima umekuja kuitazama na Baba ameitilia fremu, nami nikanyamaza. Mpanda ngazi hushuka, lakini mimi nilipandishwa na picha, na kushuka nikaogopa. Kila barua nikazidi kuvuta fimbo. Nikaongeza mawingu, na mwaka jana nikaongeza radi. Leo nimeshusha pua. Nisamehe, mama. Ninachokiogopa zaidi ni sura ya Baba mbele ya fremu ile.

Mkuu wa kambi, usidhani alinicheka. Alinishika mkono, akasema tangu nimrekebishie kola haimkati tena shingo. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia makofi.

Kabla ya kufunga barua hii nimeitoa nakala yangu ya picha, nilitazame vizuri kosa langu. Shingoni mwangu, juu ya ovaroli ya rubani, imening'inia tepu ya kupimia, na midomoni nimebana pini mbili. Ndipo nikazikumbuka suruali za Baba. Nani humpelekea rubani suruali za kupunguza? Mama, umejua tangu lini? Na jirani je, ulimtaja ili unitishe niseme mwenyewe?

Basi njoo, suruali zilete, na jirani naye aje, nitampima gauni. Baba mwambie fremu asiishushe. Ila mtu akiuliza, amwonyeshe na ile tepu.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, nawe ulipumzishe goti.

Mwanao akupendaye,
Fundi