Mlinzi Aliyeacha Geti

Shikamoo Baba. Baridi ya Lushoto imenivalisha masweta mawili. Leo kwenye semina yetu ya mambo ya nje tulibishana kama usalama wa nchi ni bunduki au chakula, nikakukumbuka wewe, unayenibishia kila siku kuwa ni bunduki zako za mpakani. Mara kengele ya kanisa ikalia: mfereji wa mashambani umebomoka! Mlinzi wa geti letu hapa semina, mwanajeshi mstaafu kama wewe, akachukua jembe.

"Mzee, na geti je?" nikamuuliza.

"Mwanangu, maji yakikatika, hapo getini nalinda nini?"

Tukamfuata wote na suti zetu, tukachimba mpaka maji yakarudi. Mjadala hatukuurudia.

Baba, katika ule ubishi wetu umeshindwa, tena na mwanajeshi mwenzako. Nakuletea peasi za kukupoza.

Mwanao akupendaye, Neema